Nilifumba Macho Katikati ya Mtihani wa Kihispania

Mimi ni mtu wa sala. Lakini kuna jioni nilisimama mbele ya darasa zima nikamrushia kinyozi maneno makali kwa Kihispania, na nilikuwa nimetoka kusali muda huo huo.

Subirini niwaeleze.

Kazi yangu ni fundi cherehani. Tamthilia za Kihispania nimezitazama tangu ujana, zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Nimelia nazo mpaka mume wangu akawa akiingia ananiuliza, "Leo nani kafa?"

Ukubwani nikasema, hawa watu nataka niwasikie kwa midomo yao wenyewe. Nikajiandikisha masomo ya jioni.

Nikafeli.

Nikarudia. Nikafeli tena.

Shule ikaniambia safari hii nikishindwa nimpishe mwingine, maana wanaosubiri kiti ni wengi. Jamani, nilifunga na kusali!

Jioni ya mtihani mwalimu akatupanga wawili wawili. Nikaangukia kwa kinyozi mmoja tuliyembatiza jina Wembe, kwa sababu ya ulimi wake.

"Mama Maombi," akaninong'oneza, "leo tuombee wote wawili. Mwenzio sijasoma kitu."

Mwalimu akasema, "Tazameni filamu hii. Haina maandishi chini. Ikiisha, kila jozi itanisimulia kilichotokea, kwa Kihispania tu. Atakayekimbilia Kiswahili, ameanguka."

Ikaanza vizuri. Kisha mwanamume akaingia chumba cha kulala. Mwanamke yumo, anapanga nguo kwenye sanduku. Mlango ukafungwa. Kinanda kikaanza kulia polepole.

Kinanda hicho mimi nakijua! Ndicho hutangulia mambo.

Nikafumba macho. Nikasali kimoyomoyo: Bwana, macho nakupa, ila masikio niachie, huu ni mtihani.

Wembe akanipiga kiwiko. "Mama, umelala?"

"Nasali."

"Fumbua macho, utatuangusha!"

Sikufumbua mpaka kinanda kikanyamaza.

Zamu yetu ikafika. Wembe akaanza, Kihispania chake kikichechemea: hawa ni wapenzi wa siri, mwanamke anamtoroka mumewe, ndiyo maana kuna sanduku.

Nikamrukia. "Uongo! Ni ndugu! Nimemsikia anasema baba anaumwa, lazima waende nyumbani."

"Ndugu gani wanakumbatiana vile?"

"Umejuaje? Labda walipotezana utotoni!"

"Wewe umeona nini? Ulikuwa umefumba macho!"

"Na wewe umesikia nini? Ulikuwa umeyakodoa!"

Hapo kikanuka. Mikono hewani, sauti juu. Yakanitoka maneno ambayo hayamo kwenye kitabu cha darasa, yote ya kwenye tamthilia: mwongo, msaliti, sitakusamehe kamwe! Akaniita kipofu wa moyo. Nikamwambia ipo siku ukweli utamfikia. Hata kuapa niliapa, Mungu anisamehe.

Mwalimu akagonga meza.

"Mmekosea wote wawili. Wale ni mume na mke."

"Mume na mke..." Wembe akarudia. "Wa ndoa?"

"Wa ndoa. Wanapendana. Wanakwenda kumuuguza baba mkwe."

Miaka yote hiyo ya tamthilia sijawahi kuona mume na mke wakikumbatiana chumbani kwao bila mmoja kumficha mwenzake jambo. Wazo hilo halikunipitia hata kwa mbali. Kumbe dhambi niliyokuwa naikimbia ilikuwa ndoa halali ya watu!

Nikaanza kukusanya vitabu. Kiti kimekwenda.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akauliza.

"Nampisha mwingine, mwalimu. Filamu tumeikosea."

"Filamu mmeikosea, ndiyo. Lakini wenzenu wamenipa sentensi tatu za kukariri wakakaa. Ninyi mmegombana mpaka nimesahau kutazama saa, na hakuna aliyekimbilia Kiswahili, hata kwa hasira. Nilitaka mseme. Mmesema! Mmefaulu."

Wembe akapiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Mimi nikapiga magoti hapo hapo, kati ya madawati.

Basi wapendwa mnaojifunza lugha ukubwani, funzo langu ni hili: someni, salini, na katika sala zenu mwombeni Mungu awape mtu wa kubishana naye. Mimi alinipa Wembe. Sasa tuko ngazi ya pili, tunakaa dawati moja, na hatujakubaliana jambo hata moja.