Nyayo za Alama ya Kutoa

Likizo ile, mwishoni mwa miaka ya hamsini, mwalimu wetu wa hesabu chuoni alitupa mlinganyo mmoja twende nao nyumbani, wa vitu vinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Sisi tuliuita difrensho. Atakayerudi bila jibu, alisema, atahamia darasa jingine. Hakusema nafasi za kubaki ni ngapi. Mimi nilijihesabia kuwa ni moja, na usingizi ukaniisha.

Kwa hiyo mwenzangu wa darasani alipotokea kwetu Itiryo asubuhi moja, daftari kwapani na viatu mkononi, eti tusaidiane, nilijiuliza anataka nini hasa. Alikuwa wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Mwaka uliopita tulipoteza ng'ombe, na baba hakuwa na shaka walivukia wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba alijibu bila kuacha kusokota kamba. Kisha akaninong'oneza: "Huyu amekuja kwa daftari au kwa zizi?"

Tulikaa kwenye kivuli cha ghala la ulezi. Daftari langu nililifunika kwa kiwiko. Yeye lake alilifungua lote, hata nikazidi kumshuku. Mtu mwenye nia njema haachi mlango wazi namna ile.

Majibu hayakupatana. Lake lilipungua kadiri muda ulivyokwenda, langu lilikua bila kikomo. Nikapandwa na hasira, nikamwambia amebadilisha mstari makusudi ili anipoteze.

Hakupandisha sauti. "Basi tufuate nyayo," alisema.

Kwetu ng'ombe wakiibwa, wenyewe hufuata nyayo mpaka kijiji zinapoingia. Kijiji hicho ama kionyeshe zilipotoka kuendelea mbele, ama kilipe. Baba aliposikia hivyo akaweka kamba chini, akasogeza kigoda.

Tukaanza mstari wa kwanza, kidole chake kwenye daftari langu, changu kwenye lake. Kwenye mstari wa saba kidole chake kikasimama. Nami nikaona. Alama ya kutoa ilikuwapo mstari wa sita, wa saba haimo. Niliiangusha mwenyewe. Nyayo ziliingia kwangu na hazikutoka.

"Zimeishia kwa nani?" baba aliuliza. Kusoma hakujua, lakini swali hilo alilijua vizuri.

Mwenzangu alinitazama kidogo. "Zimepotea kwenye mawe, mzee."

Baba akaguna. "Watu wa kwao hawana jibu jingine," akasema, mgeni akisikia.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na sikulisema. Niliirudisha alama yangu mahali pake, kichwa chini. Mwenzangu akafunga daftari, akaaga kwa heshima, akashika njia ya mtoni. Naona aibu mpaka leo.

Sote wawili tulibaki darasani, kumbe nafasi zilikuwa tele. Baba alikwenda kaburini akiamini kwamba siku ile mwizi alikaa kwenye kivuli cha ghala lake. Alikosea mtu tu.