Jua Halichagui Mtu

Kule milimani mdogo wangu aliishi kivulini na hakuna aliyeuliza. Jua lilimchoma akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Ngozi ikatoka malengelenge, kisha madoa. Tangu hapo mama alimweka ndani mchana kutwa, akitwanga na kusuka ukili. Maji alikwenda kuchota wakati wa magharibi. Migomba ilituzunguka na majirani walikuwa mbali.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Kisanga, nyumba zilipangwa kwa mistari na miti ikafyekwa. Sasa kila mtu alimwona msichana asiyetoka mpaka jua lizame. Wakaanza kunong'ona kuwa ni mchawi. Balozi wetu wa nyumba kumi yeye alitumia neno la siku zile: kupe, anakula jasho la wenzake.

Mimi nilikuwa kijana wa chama, shati la kijani, maneno tele mdomoni. Aibu ilinikaba. Nikamwambia mama amtoe, akalime pamba ya kijiji kama watu wote, minong'ono ife.

"Mwanangu," mama alisema, "jua halimtaki huyu."

"Mama, jua halichagui mtu."

Nilimshika mkono mimi mwenyewe mpaka shambani. Misimu miwili alipalilia bila kulalamika, na watu wakanisifu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Wajinga ndio waliwao, wanasema. Mjinga nilikuwa mimi, aliyeliwa ni yeye. Msimu wa tatu kidonda kiliota mdomoni, kingine puani.

Hospitalini Kilosa mjini tulimkuta daktari mgeni. Alikata kipande kidogo cha ngozi ya mdogo wangu na kingine cha ngozi yangu, avipeleke Ulaya kupimwa. Alinieleza kwa subira kwamba jua humharibu kila mtu, ila kila mwili una fundi wake wa ndani wa kuziba palipoharibika, na mafundi hao hawalingani. Alitaka kujua wetu wakoje, sisi wa tumbo moja.

Barua ilikuja baada ya miezi mingi, saratani imeshamla nusu ya uso. Nilimsomea mama. Ngozi zote mbili zilimulikwa mwanga uleule. Yangu ilijitengeneza, yake haikuweza. Ushauri wao: asipigwe na jua kabisa.

Mama aliichukua barua, akaikunja.

"Hilo ndilo walilokwenda kuuliza Ulaya?"

 

Tulimzika mdogo wangu saa saba mchana. Desturi yetu Waislamu, maiti ya mwanamke ikiteremshwa, wanaume hushika shuka juu ya kaburi kumsitiri. Nilishika pembe moja. Ya pili alishika balozi, yuleyule wa kupe, jasho linamtiririka. Akaninong'oneza:

"Inua upande wako, kijana. Jua linamfikia."