Mguu wa Mwanzilishi wa Kanisa Letu

Hakuna binadamu aliye hai anayeijua historia ya kanisa letu la Presbiteri kunishinda mimi. Nimesali humo tangu nikiwa tumboni mwa mama.

Haya, mahubiri mengi nimeyalala. Lakini nimelala mle mle ndani.

Sasa sikieni yaliyotokea siku mguu wa marehemu ulipompata mwenyewe, yu hai, kavaa na tai.

Kanisa liko katikati ya mji, limebanwa na benki upande huu na duka la simu upande ule. Kuta za mawe, mnara umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza umbea. Karibu na mimbari, kwenye saruji, kuna unyayo. Tumekua tukiambiwa ni wa mmisionari mwanzilishi, alikanyaga sakafu ikiwa mbichi.

Unyayo wenyewe mdogo. Basi tukakubaliana mwanzilishi alikuwa mfupi, ingawa kwenye picha ya ofisini kofia yake inagusa kizingiti cha juu cha mlango.

Mlinzi wa unyayo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mzee wa kanisa. Tunamwita Kengele, maana hanyamazi.

Wageni wakija, anafunua kapeti dogo jekundu, papo hapo anasema, "Tuombe." Macho yote yanafumbwa. Ukisikia amina, kapeti limesharudi.

Mwaka huo baraza la wazee likapata mnunuzi. Alitaka kubomoa ajenge ghorofa la maduka.

Tumaini letu sisi tusiotaka kuuza likabaki kwa dada mmoja wa idara ya mambo ya kale. Akithibitisha kwamba jengo ni la kale, hakuna kubomoa.

Mimi nilitaka jeneza langu litokee mlango ule ule nilioingilia na shela. Sikutaka kizazi changu kinililie mbele ya duka la viatu.

Dada akaja. Akapapasa kuta, akaguna kwa kuridhika. Kengele akafunua kapeti.

"Tuombe."

Tukafumba. Dada hakufumba.

"Mzee, saruji hii ni ya juzi tu. Hii si sakafu ya pili?"

"Ya kwanza! Unyayo wa mwanzilishi si huu hapa?"

"Kama hii ndiyo ya kwanza, basi kanisa lote ni la juzi. Siwezi kuwazuia kulibomoa."

Nikaliona lile duka la viatu, hata macho nimefumba.

"Halafu," dada akainama, "mbona unyayo huu una vidole sita?"

Nikafumbua macho. Miaka yote ile hakuna aliyevihesabu! Nikahesabu. Sita. Nikainua macho taratibu mpaka kwenye viatu vya shemeji yangu, vyeusi, vimekazwa kamba.

"Shemeji, vua kiatu."

"Kiatu gani?"

"Chochote. Anza na cha kushoto."

"Nina fangasi."

"Fangasi tangu lini?" mdogo wangu akadakia. "Si jana nimekukata kucha zote kumi na mbili?"

Mchungaji akaziba uso kwa kitabu cha nyimbo. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Kengele akavua. Ikabidi aseme. Baba yake alikuwa fundi, ndiye aliyemwaga saruji baada ya mchwa kula sakafu ya mbao. Yeye alikuwa mtoto, akakatiza mbio mle ndani. Alipoona fimbo akasema, "Si mimi, baba, ni yule mzungu wa kwenye picha!"

Baba alicheka, akauacha unyayo hapo hapo. Mimi wakati huo nabebwa mgongoni. Walioikumbuka sakafu ya mbao wakafa mmoja mmoja, uongo ukaota mvi na kupewa kapeti.

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye benchi.

"Basi sakafu ni ya pili, kuta ni za kwanza. Jengo la kale hili. Halibomolewi."

Nilipiga kigelegele, na mbavu zangu mbovu hizi.

Wajukuu zangu mnaosoma, chukueni hili: mkiambiwa kitu ni kitakatifu, inameni kwa heshima zote. Lakini mkishainama, hesabuni vidole.

Tukadhani yamekwisha. Mchungaji akajifuta machozi, akauliza, "Mzee, na lile bonde la goti, hatua moja mbele ya unyayo? Pale mwanzilishi alipopiga goti akauombea mji?"

"Aa, lile la kwake kabisa! Mungu shahidi!"

Mdogo wangu akamshika pindo la suruali.

"Kunja, baba. Waonyeshe kovu la goti."