Deputy alitaka kelele, sisi tulitaka nusu saa yetu ya kusoma

Hapana, sijui kusoma. Hata jina langu nikiliona kwa ukuta napita tu kama ni la jirani. Hapa naongea, simu inaandika yenyewe. Ikikosea, gombaneni na simu.

Na ndio, ni mimi nilikuwa nasikiza watoto wa Grade Three wakisoma. Tulieni wakuu. Nasikia huku mtandaoni kila mtu ni mkuu, hata yule hana kuku. Hamjambo nyote. Nikiongeza chumvi itakuwa kwa sauti tu, maneno ni yale yale yalisemwa.

Mjukuu wangu anaitwa Mwende. Tunakaa Makongeni, mimi, yeye na mama yake.

Huyo mtoto alikuwa anasoma, wacha! Kila jioni, kama mhubiri wa stage ya matatu: "Baba! Ana! Ng'ombe! Ng'ombe! Anatoa! Maziwa!" Majirani wananiambia, "Mama, huyo ni daktari." Mimi nayo shingo imenyooka kama ya twiga.

Siku moja makaa ikakataa kushika. Nikamtoa kitabu mkononi nipepee jiko.

Mtoto akaendelea kusoma.

Wakuu, napepea moto na kitabu, na yeye anasoma! Macho iko kwa sukuma wiki. Page ikaisha, akageuza hewa na kidole hivi, akaingia page ingine.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Hiyo kazi ya kujifanya unasoma naijua. Kanisani mimi hushika kitabu cha nyimbo, uso mkavu kuliko wa pastor. Sikutaka mtoto aingie chama yangu.

Kesho yake niko shule kwa Madam Mutheu, mwalimu wake. Msichana wa Machakos, sauti laini kama anaomba chumvi kwa mlango.

"Shosho, hata mimi nimeona. Lesson ni nusu saa na watoto wamejaa mpaka dirishani. Wakisoma wote pamoja, anayejua anabeba asiyejua. Nikisikiza mmoja mmoja, wengine wanapigana, na time inaisha."

Lakini alikuwa na plan. Ile nusu saa aliikata kama mkate. Kwanza wote wanasoma pamoja, kidogo tu, kidole kwa neno. Halafu ni meza kwa meza. Hii inasoma na yeye, ile inaandika, ile ingine wanasomeana wawili wawili. Akipiga makofi, wanabadilishana. Vitabu anaweka mezani kabla watoto waingie, ndio dakika zisiishie kwa kugawa.

Shida ni moja. Akiinama kwa meza moja, hizo zingine zinageuka soko la Gikomba.

"Nataka mtu mzima akae na wale wanasomeana. Kuja wewe."

"Mimi? Na sijui hata a!"

"Hapo ndio vizuri. Hawatakuomba neno. Watalitafuta wenyewe."

Ai! Sijui nimetukanwa ama nimeandikwa kazi.

Nikaingia na leso yangu. Mtoto akimaliza sentensi, mimi narudia na sauti ya mwenyewe. Ni fisi, nacheka kifisi. Ni mama mkwe, nabana pua: "Kwani huyu hajui kupika?" Lakini sheria ni moja, line isipoisha sitoi sauti. Hao watoto walikuwa wanakimbilia mwisho wa line kama wamesikia harufu ya chapati! Mmoja akibahatisha neno, mwenzake anamvuta sikio: "Wee, angalia vizuri, hiyo umetunga!"

Mwende mwanzoni alikuwa ananiangalia mdomo. Akaona huku hakuna msaada. Akaanza kushika neno pole pole, kama mtu anatoa mwiba.

"Ki... si... kisi... ma. Kisima! Shosh, ni kisima!"

Nilipiga vigelegele, yaani mpaka Madam akageuka: "Shosho, unakula dakika." 

Sasa Deputy, yule naibu wa mwalimu mkuu.

Huyo ni mzee wa tumbo mbele, lazima akohoe ndio neno litoke. Alizoea kukaa staffroom akisikia class ikiimba, anajua masomo inaendelea. Na si yeye peke yake, hata sisi wazazi tukipita nje tukisikia kelele tunasema, hapa wanafunza. Sasa ilikuwa mnong'ono tu, kama nyuki kwa mzinga.

Akamshika Madam kwa corridor, na mimi niko hapo. "Ehem. Maaadam. Class yako siisikii. Wazazi watasema unalala. Ijumaa nakuja kuona. Nisiporidhika, Monday mnarudi kusoma pamoja. Ehem. Sauti juu."

Ijumaa akaja. Na siku hiyo ndio Mwende alikuwa anafika mwisho wa hadithi, mara ya kwanza kusoma moja yote mwenyewe. Deputy akasimama katikati ya class, akaanza. Ehem sauti hujenga nidhamu. Ehem sisi zamani. Ehem, ehem! Madam anaangalia saa. Atamwambia nini mkubwa wake? Mimi nimeuma leso.

Kabla nimalize, mimi nimejifunza hivi. Mtoto akikusomea kwa sauti kubwa, mnyang'anye kitabu kwanza uone. Na hizo dakika za kusoma zichungwe kama maziwa kwa moto. Nyinyi wenye watoto, kwenu wanasoma ama wanaimba? Andikeni hapo chini, simu itanisomea.

Basi, Mwende akainua mkono mmoja. Kidole cha ule mwingine hakijatoka kwa line. Deputy akafurahi, akadhani ni swali. "Ehem! Yes, my girl?"

Tangu hapo hakuna mtu amegusa ile nusu saa. Deputy mwenyewe aliketi kwa bench yetu, magoti juu kama panzi, mpaka makofi yakapigwa. Kwa sababu mtoto alimwambia:

"Mwalimu, ukimaliza kuongea time yetu itakuwa imeisha. Kaa chini, mimi nasoma."