Uchungu wa Pombe ya Felisita

Siku moja ya zamani, mwanangu, nilimwona muzee akinywa pombe ili kumwokoa mtu. Nimehudhuria karamu nyingi tangu hapo, na sijaona tena pombe ikinywewa namna ile. Kaa karibu nikueleze, maana masikio yangu yamechoka na sipendi kupaza sauti.

Ilikuwa Murara, mtaa wa Goma, miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakitawala. Goma ilikuwa mji mdogo, nyumba chache za bati juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano, na viazi tulivilima palipobaki udongo kati ya mawe hayo. Mimi nilikuwa msichana aliyekwisha kuchumbiwa. Baba alinituma nikae kwa dada yake mdogo, shangazi yangu Felisita, kwa sababu alikuwa amefiwa na mumewe na hakuwa na mtoto wa kumshika mkono.

Mume huyo, Yohana, alikuwa fundi mwashi kwenye misioni. Huko alifanya urafiki na Furere mmoja, mtawa wa kizungu mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa akipika pombe kwa ajili ya sikukuu zao. Haikuwa kama kasiksi yetu ya ndizi. Aliichemsha na maua makavu ya kijani yaliyotoka kwao kwa meli, maua ambayo wao huyaita houblon. Yohana alionja mara moja, akarudi nyumbani akicheka peke yake. Alimwambia shangazi, "Inauma kama dawa, halafu unaitaka tena." Furere alipozeeka na kuitwa arudi Ulaya, alimwachia Yohana gunia dogo la maua yale. Yohana akawa kila siku anasema, "Tutaipika, mama, mvua ikipungua tutaipika." Mvua haikupungua, kifua kikambana, akafa.

Basi ilipokaribia siku ya kumaliza matanga, shangazi akaamua kuipika pombe ile. Hakutaka kumwonyesha mtu ufundi. Alitaka tu kutimiza neno la mumewe. Alitumia mtama uliooteshwa na kuanikwa juani, akaongeza asali nyingi ya Masisi, akachemsha maua mpaka nyumba nzima ikanuka. Ile asali ndiyo iliyoipa pombe nguvu. Mimi nilikoroga chungu, naye akaniambia, "Koroga polepole, Yohana hakupenda vitu vya haraka." Alisema hivyo akalia, kisha akaendelea kuchochea moto.

Ujue pia, mwanangu, kwamba siku ya kumaliza matanga ndiyo siku ukoo unakaa na kuamua mjane ataishi wapi. Anaklet, mdogo wake Yohana, aliitaka ile nyumba. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi katika chumba kimoja, na nyumba ya kaka yake ilikuwa na vyumba vitatu na mwanamke mmoja. Ukiwa na shida ya namna hiyo, macho yako huanza kumtafutia mwenzako makosa.

Watu walikuja wengi, wengine wameshuka kutoka milima ya Masisi tangu alfajiri. Desturi yetu unaijua: anayekaribisha ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote, ili kila mtu aone hakuna kitu kibaya ndani. Lakini siku hiyo vijana walikuwa na kiu. Shangazi akiwa bado nyuma ya nyumba anapakua maharagwe, waliingia jikoni, wakautoa mtungi wenyewe, wakaanza kugawana. Kijana mmoja aitwaye Bosko alimimina kibuyu kizima kooni bila kupumua, ili wenzake wamshangilie. Walimshangilia. Baada ya kitambo alisimama, akayumba, akaanguka kifudifudi kwenye mawe.

Anaklet alikuwa ndiyo kwanza ameonja. Aliitema chini, uso umemkunjamana.

"Musikunywe!" akapiga kelele. "Muache! Hii si pombe, ni sumu! Huyu mwanamuke alimaliza kaka yangu, sasa anatumaliza sisi!"

Mwanangu, nimeishi vita, nimekimbia volkano, lakini saa ile ya uani sijaisahau. Watu waliweka vibuyu chini kana kwamba vinawaunguza. Wengine walitia vidole kooni. Shangazi alitokea na sinia ya maharagwe mikononi, akaona macho yote yamegeuka kwake, na mwanaume mmoja akainama kuokota jiwe. Mawe hayakuwa mbali, tulikuwa tumeyakanyaga.

"Mimi nitakunywa," shangazi akasema, akiweka sinia chini. "Nipeni, nikunywe mbele yenu."

"Umekwisha kumeza dawa yako ya kujikinga!" Anaklet akamjibu. "Unatuona wajinga?"

Kwa hiyo hata kunywa kwake kusingemwokoa. Nilimshika mkono, nikasimama kando yake.

Ndipo Muzee Sebahire akainuka. Alikuwa mkubwa wa ukoo wa Yohana, mfugaji kutoka Masisi, mtu wa maneno machache ambaye hata kutembea alitembea kama anayefikiri. Hakumwendea Anaklet wala shangazi. Alimwendea Bosko, akapiga magoti, akaweka sikio kifuani kwake. Kisha akawageukia vijana.

"Mutoto huyu amekula nini leo?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hajakula, Muzee. Tulitembea tangu asubuhi."

"Na amekunywa kibuyu kizima?"

"Kizima, Muzee."

Muzee Sebahire akaagiza Bosko alazwe ubavu kivulini. Halafu akaketi karibu na mtungi, akaomba kibuyu kisafi. Mke wake akasimama upande wa wanawake, akasema, "Baba, una watoto." Yeye akamjibu, "Na huyu pia ni mutoto wangu," akielekeza kidevu kwa shangazi.

Alichota kidogo. Kwanza alinusa, macho amefumba, kwa muda mrefu hata nikadhani amebadili nia. Kisha akaweka tone ulimini. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza, akangoja.

"Mbele inanuka ganda la chungwa," alisema polepole, kama mtu anayesoma njia gizani. "Nyuma yake kuna mkaratusi ulionyeshewa. Halafu utamu wa asali, mwingi. Uchungu unafika mwisho. Unashika hapa, pande za ulimi, kama kwinini, kama majani ya mubirizi tunayochemshia tumbo. Lakini haukwami. Ukimeza mate, unaondoka, mdomo unabaki musafi. Na kifua kinapata moto. Hii ni kali kuliko kasiksi, kali sana."

Akanywa tena, akamtazama Anaklet.

"Anaklet, wewe ulipata nini mdomoni?"

"Uchungu, Muzee."

"Na nini tena?"

Anaklet akatazama pale alipotema.

"Ulitema kabla ya kujua. Mutu yuko karibu kupigwa mawe hapa, na wewe hukumaliza hata funda moja." Hakupandisha sauti. "Sumu mimi siijui ladha yake, na wewe huijui. Basi tungoje. Nitakunywa kibuyu chote, nitakaa hapa mbele yenu. Nikifa, mutasema muliyosema. Nisipokufa, nyumba ya Yohana ni ya mke wake, na neno hilo lisirudi tena katika ukoo wangu."

Akala kwanza sahani ya maharagwe, bila haraka, kisha akanywa kibuyu chote, funda kwa funda, na akakaa. Jua lilisogea, naye akakaa. Akaanza kutokwa na jasho, macho yakawa mekundu, wanawake wakaanza kusali rozari. Shangazi alikaa chini mbele yake, miguu ameikunja, akimtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Bosko ndiye aliyevunja ile hofu. Aliketi ghafla, akatapika, akajipangusa mdomo, akauliza kama maharagwe bado yapo. Mtu mmoja alicheka, halafu wawili, halafu ua mzima, kicheko cha watu waliokuwa karibu kufanya jambo baya. Lile jiwe sikuliona lilipoangushwa.

Muzee Sebahire aliinuka kwa kushikwa mabega, maana pombe ilikuwa imempanda vizuri. Akamwambia shangazi, "Mwanangu, maua yamezidi. Ukipika tena, punguza. Lakini ni pombe nzuri. Yohana angeifurahia." Hapo ndipo shangazi alipolia kwa sauti, kilio ambacho hakulia hata makaburini.

Nyumba ilibaki kwake. Anaklet hakuomba msamaha kwa mdomo, ila mwaka ule alikuja mwenyewe kutengeneza bati lililokuwa linavuja, na shangazi akampa chumba kimoja watoto wake wakubwa walale. Lakini sikiliza na hili, maana ndilo linaloniuma. Shangazi hakupika tena pombe ile. Alijaribu kuuza kasiksi ya kawaida, watu wakawa wanakuja, wanasalimia, wanasema wamekwisha kunywa kwingine. Neno lilikuwa limekatazwa na muzee, limethibitishwa kuwa uongo mbele ya ua mzima, na bado lilikaa kwenye vinywa vya watu. Akaenda kuuza samaki Kituku, kwenye soko la kando ya ziwa, huko ambako hakuna aliyemjua, na huko ndiko alikozeekea.

Kwa hiyo, mwanangu, hii ndiyo nasaha yangu. Kitu kigeni kikikugusa ulimi, usikipe jina siku hiyo hiyo. Nusa, onja kidogo, ngoja, jiulize umepata nini kweli, na umechanganya nini cha njaa yako, cha kiburi chako au cha hasira yako. Pombe kali inywe ukiwa umeshiba, na usiinywe ili ushangiliwe. Na zaidi ya pombe, fanya hivyo kwa watu. Siku hizi mnatuma neno kwa simu kabla hamjameza mate; kumbuka kwamba kulitoa ni rahisi, na hata muzee aliyeweka roho yake mbele ya watu hakuweza kulirudisha lote. Ukisikia wengine wanapiga kelele juu ya mtu mmoja, kaa karibu naye, uliza amekula nini, amefanya nini, nani ameona.

Mungu akupe ulimi wenye subira na moyo usioogopa kubaki peke yake. Akujalie nyumba ambayo wageni watakunywa bila wasiwasi, na siku ukisingiziwa, akupe mtu wa kuketi kando yako mpaka jua lishuke. Nenda na amani, mwanangu.