Mzigo wa Mstari wa Kumi na Moja

Kabla hajashika kompyuta, Geji alikuwa mtu wa maji. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye nyumba ya pampu akitazama mishale ya geji, vile vipimo vya msukumo wa maji vilivyompa jina, na kila saa akiandika daftarini: pampu ya kwanza imebeba kiasi hiki, ya pili kiasi hiki. Ilipoletwa mitambo inayojisoma yenyewe, yeye na wenzake waliambiwa waende nyumbani wakapumzike. Kupumzika kukamshinda. Binti yake alikuwa fundi sauti kwenye ukumbi wa harusi, akamfundisha kompyuta ya muziki pale pale mezani wanapolia chakula. Akiwa na miaka hamsini na sita, mvi kichwani na miwani imefungwa uzi, akaja kuomba kazi kwenye studio ya mume wangu.

Nasema ya mume wangu kwa sababu ndivyo kibao cha mlangoni kinavyosema. Chumba kile, nyuma ya duka la mashuka, tulikitengeneza wawili. Magodoro ya ukutani niliyakata mimi. Mapazia ya kuzuia mwangwi niliyashona mimi. Na katika nyimbo zote za mwanzo, ile sauti ya pili inayoitikia ni yangu.

Kisha, miaka minne kabla ya Geji kuja, mume wangu akaleta mwimbaji mpya, msichana wa nywele ndefu, na mwezi huo huo kompyuta ikaanza kukwaruza. Wimbo unakwenda vizuri, mara sauti inakatika vipande vipande kama redio iliyopoteza stesheni, halafu kimya. Mume wangu akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi.

"Mama watoto, ni sauti yako. Nzito mno. Prosesa haiibebi."

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba shule niliishia mlangoni na yeye alikuwa na cheti. Akafuta sauti yangu, akaizima mashine, akaiwasha tena, wimbo ukapita bila kukwaruza. Ningebisha na nini? Wapiga gitaa wakaniita Mama Tani. "Mama Tani, usikohoe karibu na waya, utazima mtaa mzima!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Miaka minne sikuimba. Nilifagia studio, nilifua vitambaa vya vipaza sauti, niliwachemshia waimbaji chai. Yule msichana naye alipata pa kwenda, akaenda. Kompyuta iliendelea kukwaruza na hakuna aliyeuliza inalemewa na nini, maana mimi sikuwemo tena.

Geji aliuliza. Siku yake ya kwanza mashine ilikwama katikati ya wimbo wa tangazo la sabuni. Mpiga kinanda akasema ni joto. Mume wangu akasema ni umeme. Geji akavuta kiti, akafungua dirisha dogo kwenye kioo ambalo sijawahi kuona mtu akilifungua. Kila sauti ndani ya wimbo ilikuwa na mstari wake, na kando ya kila mstari kilisimama kijiti cha kijani kinachopanda na kushuka, na namba ya asilimia. Akachana ubavu wa boksi la kartoni, akachukua kalamu, akauacha wimbo uende mwanzo hadi mwisho huku akiandika.

"Mzee, huku hakuna maji," mpiga kinanda akamtania.

"Kuna mzigo," akasema. "Na kila mmoja hapa ana wake."

Ndivyo alivyofanya kazi. Hakugusa kitu kabla ya kupima. Ukimletea dhana, alikuuliza swali moja tu: "Umesoma wapi?" Alimaanisha namba, si shule. Hakuwa na maneno mengine mengi. Alikula chakula chake amesimama, akasema asante, akaosha sahani mwenyewe. Katika chumba kile, mwanamume wa kuosha sahani yake alikuwa kioja.

Mwaka ule mama mkwe akafariki. Alinipenda yule mama kuliko alivyonipenda mwanawe. Akiwa kitandani, wifi yangu ameketi miguuni pake, alisema wimbo wa kumkumbuka uimbwe na mwanawe, na mimi niitikie. "Mke wako aitikie," alimwambia, "nimesema." Mume wangu akaitika kwa kichwa.

Siku ya kurekodi, wifi alikuja mwenyewe kuhakikisha. Wimbo ulitakiwa Jumamosi, ukoo wote ukikusanyika. Asubuhi nikaingia chumba cha kuimbia kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Nikaitikia beti zote tatu bila kurudia. Nilipotoka, wifi alikuwa anafuta macho kwa mtandio, na Geji aliniambia, "Mstari wa kumi na moja, dada. Umekaa vizuri."

Mchana wakaunganisha sauti zote kumi na nne. Ubeti wa pili ulipoanza, mashine ikakwaruza. Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe. Nilijua kinachofuata kabla hakijasemwa.

"Mnaona?" mume wangu akasema. "Nilisema mimi. Ondoa wa kumi na moja, tumalize kazi."

"Mama alisema aitikie," wifi akasema.

"Mama hakusomea kompyuta! Sauti ya wifi yako inailemea mashine. Si mimi, ni mashine."

"Basi ni mashine ya ajabu, kaka. Inajua kuchagua wake za watu."

Geji alikuwa ameshafungua lile dirisha lake. "Ngojeni nipime," akasema. Mume wangu akapumua kwa hasira, lakini mbele ya dada yake hakutaka kuonekana anakataa. Wimbo ukaanza upya, ukakwaruza pale pale. Geji akaandika, kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma majina ya walioitwa.

"Mstari wa kwanza, ngoma, asilimia tatu. Wa pili, besi, mbili. Wa tatu, sauti ya bosi, arobaini na nne. Wa sita, vinanda vya kompyuta, kumi na tisa..." Akaendelea. "Wa kumi na moja, sauti ya dada. Moja."

"Moja nini?" nikauliza.

"Asilimia moja. Sauti iliyoimbwa ikarekodiwa, mashine inaisoma tu. Haichoki. Inachoka na vitu inavyoambiwa iitendee sauti. Huu wa tatu una vitu tisa juu yake. Mwangwi mara tatu, kuongeza uzito mara mbili, kusahihisha sauti..."

"Kusahihisha?" wifi akadakia. "Kaka, kumbe sauti yako inasahihishwa? Na miaka yote hii tunakupigia makofi!"

Mpiga kinanda akageukia ukuta. Mabega yake yalitikisika.

Mimi sikucheka. "Mbona alipokuwa ananifuta ilikuwa inapona?" nikauliza.

"Alikuwa anaizima na kuiwasha?"

"Ndiyo."

"Kuwasha upya kunaipa nafuu kidogo. Angefuta ngoma akaizima na kuiwasha, ingepona vile vile."

Trei nikaiweka chini. Miaka minne. Mume wangu hakuwa amenitazama bado. Alikitazama kile kijiti kirefu cha mstari wake, kilichogeuka chekundu kwa mzigo, na sijui hadi leo kama alikuwa hajui au alikuwa anajua. Nimelala naye kitanda kimoja na sijui.

"Naweza kuugandisha wa tatu," Geji akasema. "Unageuka sauti moja iliyokamilika na vitu vyake vyote ndani, mashine haihesabu tena. Wimbo utapita."

"Sauti yangu haigandishwi. Nataka kuirekebisha zaidi. Ondoa wa kumi na moja."

"Naweza kuuondoa, bosi. Studio ni yako. Lakini usiseme ni mashine. Sema ni wewe."

Mume wangu akainuka, akachukua kipanya mkononi mwa Geji, akapeleka mshale hadi kwenye mstari wangu. Ukawa umechaguliwa, buluu kutoka mwanzo hadi mwisho. Beti zangu tatu zote zilikuwa chini ya kidole chake.

"Fanya, kaka," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Jumamosi watakapouliza mbona wimbo wa mama hauna wa kuitikia, nitasimama niwaambie nilichokiona hapa."

Mume wangu akaachia kipanya, akachukua funguo zake, akatoka. Geji akaugandisha mstari wa tatu. Wimbo ukapita wote, safi, na mimi nilijisikia nikiitikia kama mtu aliyekuwa chumba cha pili siku zote.

Jumamosi ulipigwa. Shangazi mmoja akauliza anayeitikia ni nani. Mume wangu akasema, "Mke wangu." Watu wakanisifu. Yeye akawaeleza kwamba ameitengeneza ile kompyuta, siku hizi inabeba sauti yoyote.

Jumatatu akamwambia Geji kwamba studio inapunguza watu. Mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu. Geji akakunja koti lake, akashika mfuko. Nikamfuata hadi uani.

"Fundi, umepoteza kazi kwa ajili yangu."

"Hapana, dada." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ungekutwa na mzigo mkubwa, ningeusoma vile vile, na ungetoka."

"Najua," nikasema.

Akaniaga, akapita kando ya duka la mashuka kwenda barabarani. Nikarudi ndani. Mume wangu alikuwa anarekodi tangazo jingine, akaniashiria chai kwa kidole bila kugeuka. Nikazima jiko, nikaenda nyumbani kufungasha nguo zangu.