Mama Ukuta ahamia nyuma ya msafara

Saa moja asubuhi, upepo bado haujaamka vizuri. Kwenye ua wa duka la kukodisha baiskeli, wageni watano wanapandisha viti, wanashusha viti, wanakaza mikanda ya helmeti. Mwanamke mwembamba mwenye bandeji kwenye goti la kushoto anaisukuma baiskeli yake hadi mwisho wa mstari, anaisimamisha hapo, kisha anaitazama kama vile imepotea njia.

"Huku nyuma sijui hata watu hufanya nini," anasema. "Mnaimba?"

Wageni wanacheka. Yeye hacheki.

Wote wanamwita Mama Ukuta, na kwa miaka kumi na tisa mahali pake pamekuwa mbele. Leo mbele amekaa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, ambaye mwenyewe yuko mbali kwenye kazi za ujenzi. Mwenye duka naye amepanda baiskeli ili ajionee. Akiridhika, mkwe atapewa kazi. Asiporidhika, njia ndefu ya kwenda kwenye mnara wa taa itafutwa, na nyumba ya wanawake hawa wawili itabaki haina cha kutia jikoni.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa, maana ukiiona kwa mbali utadhani ni mtu tu anayependa kutangulia. Barabara inapita juu ya tuta, mashamba ya chumvi upande mmoja na tope la bahari upande wa pili, kilomita ishirini na mbili bila mti wa kujificha. Ni tambarare tupu. Wageni kutoka milimani wakiitazama huona hapa ni pa kutembea tu na kupiga picha.

"Wanasema njia yenu rahisi, haina mlima," anasema Mama Ukuta. "Nawaambia ngojeni saa tatu. Mlima wetu unatoka baharini, na huo hauna kilele."

Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuupokea upepo kifuani, wengine wamfuate gurudumu kwa gurudumu, wamejibanza nyuma yake. Msimu uliopita mwandishi wa habari hii aliomba aongoze kidogo, akakiona cha mtema kuni kabla hata ya daraja la kwanza. Mama Ukuta alimpita taratibu, akakaa mbele yake, na ghafla ikawa kama mtu amefunga dirisha. Mwandishi alishukuru kimoyomoyo, kwa sababu pumzi ya kushukuru kwa sauti hakuwa nayo.

Hakuzaliwa na cheo hicho. Alikuwa mkwangua chumvi kwenye mashamba hayohayo, na jioni wanawake walirudi nyumbani kwa baiskeli, mstari mmoja, upepo usoni. Mwenye haraka ndiye aliyetangulia.

"Haraka nilikuwa nayo mimi," anakumbuka. "Mume wangu alishafariki, mtoto yuko nyumbani peke yake, darasa la pili. Sikumkingia mtu upepo. Nilikuwa nawahi, wenzangu wakanifuata."

Mwenye duka aliuona mstari ule ukipita kila jioni. Alipoanza kupeleka wageni mnarani alimfuata yeye. Malipo ya safari moja hulisha watu wawili siku tatu hivi, na wageni huja nusu mwaka tu. Hata hivyo mtoto alimaliza shule, na nyumba ikasimama. "Vyumba viwili nimejenga kwa kifua hiki," anasema.

Kifua kingali kizima. Lililogoma ni goti. Mwaka jana lilianza kuvimba, naye akalifunga bandeji na kunyamaza, hadi siku aliyofika mnarani akashindwa kushuka kwenye baiskeli. Mgeni mmoja alimshika kiuno, mwingine akamtoa mguu. Daktari wa mifupa alimwambia gegedu, ule mto laini wa kati ya mifupa, limelika. Kukanyaga taratibu si vibaya, alisema, lakini kupambana na upepo basi.

"Eti goti langu ni mkubwa wangu kwa umri," anasema. "Nilimwuliza sasa nilisalimie shikamoo?"

Mwenye duka si mtu mbaya. Aliisikia habari hiyo, akazitazama baiskeli zake. "Baiskeli ninazo," anasema. "Ukuta sina. Siwezi kuwapeleka watu kule wakaumbuka njiani."

Jibu lilitoka chumba cha pili. Mkwe wake alikuwa akisambaza mikate madukani kwa baiskeli, na miguu yake haina mchezo. Jioni moja, wakipika, alisema, "Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini, kufa?"

"Unifundishe mbele."

Mama Ukuta anakiri kwamba hakufurahi hata kidogo. "Nilichukia, niseme kweli. Nilijiona kama mtu anayeondolewa kiti sebuleni na bado amekikalia."

Akafundisha, lakini kwa shingo upande. Mkwe alifanya kosa ambalo kila anayeshika mbele hulifanya: upepo ukimpiga anaona anatukanwa, anaukabili, anaongeza mwendo, anajisikia jemadari, na akigeuka hana mtu nyuma. Mama Ukuta alimfokea mbele ya wapita njia. "Hiyo ni baiskeli ya mikate. Mikate haichoki, watu wanachoka!" Kwa siku tatu nyumba ile ilizungumza kwa vifuniko vya sufuria.

Siku ya nne mkwe alimletea maji ya moto ya kukanda goti, akakaa chini, akauliza mwendo mzuri unajulikanaje wakati kugeuka hakuruhusiwi. Maana wa mbele akigeuka baiskeli inayumba, na mstari mzima unayumba naye.

"Kwa masikio," alimjibu. "Wakipiga soga nyuma yako, mwendo ni mzuri. Wakianza kujibizana kwa neno moja, punguza. Wakinyamaza, umeshawaua."

Sasa msafara umevuka daraja la kwanza na upepo umeamka. Mabega ya mkwe yamepanda karibu na masikio. Nyuma yake mwenye duka anamtazama kama mkaguzi. Wageni wanabishana kuhusu hoteli iliyowatoza bei ya kuruka, na sauti inayosikika kuliko zote ni ya Mama Ukuta, anayewatania mmoja baada ya mwingine, na mkwewe pia. "We wa mbele, kaa vizuri, unanipitishia baridi!"

Asilolisema ni kwamba goti limeanza. Mwendo umepanda kidogo tu. Wageni ni vijana, hawajali. Yeye anaachwa shubiri moja, kisha mkono mzima, na nje ya kivuli cha wenzake upepo unamdaka. Anayeshindwa anatakiwa apige kelele, "Taratibu!" Ni neno moja tu, na watu wazima kulisema si aibu.

Halisemi. Baadaye ataeleza kwa nini: "Ningelisema, bosi angesikia. Angesema mtoto ameshindwa siku ya kwanza. Nikaona bora nife nalo."

Wageni wanaendelea na hoteli yao. Utani wa Mama Ukuta unakatika, si kwa kupenda bali kwa kukosa pumzi. Hakuna anayegeuka.

Kule mbele, kwenye pampu za maji za mashamba ya chumvi, mabega yanashuka. Miguu ya mkwe inalegea, mzunguko baada ya mzunguko, bila breki na bila kutazama nyuma. Mstari unajikusanya. Taratibu gurudumu la mwisho linarudi mahali pake, na upepo unamwachia mwanamke mwenye bandeji.

Mnarani, mwenye duka anashuka akiwa amekunja uso. "Umekwenda vizuri," anamwambia mkwe. "Ila pale kwenye pampu za maji ulipunguza. Kwa nini? Watu walikuwa wanaongea vizuri tu."

"Mama alinyamaza," anajibu mkwe, akifuta jasho. "Mama hanyamazi."

Mwenye duka anakunjua uso. Halafu anamwuliza kama ataweza na safari ya Jumamosi.

Mama Ukuta ameketi kwenye ngazi za mnara, mguu ameunyoosha, na machozi yanamtoka bila kujificha. Anasema si ya uchungu wa goti.

"Wageni walikuwa wakishuka hapa wananiambia, ahsante Mama, leo sikuusikia upepo. Nilidhani ni adabu tu, mtu anasema ili apite. Kumbe kweli. Nyuma ya mtu panatulia namna hii, na mimi sikuwahi kujua. Nyumbani nilikuwa mbele, kazini mbele, kwenye msiba wa mume wangu pia mbele."

Ana mpango, na mwenye duka ameshausikia akashika kichwa kwa sababu ya gharama. Anataka mkwewe atafutiwe mwenzake, wapokezane katikati ya safari, huyu mbele, yule nyuma. Tayari anamfahamu mwanamke mmoja wa mikate mwenye miguu mizuri, na kumfundisha atamfundisha bure.

Bosi amemwuliza haraka ya nini, wakati mkwe ni kijana na ana nguvu za kuongoza peke yake miaka mingi.

"Nguvu hata mimi nilikuwa nazo," anasema Mama Ukuta. "Mimi nimekingwa upepo leo, mara ya kwanza, na nina miaka hamsini na saba. Yeye sitaki angoje hivyo."